Kipimo Kilichokwama Kwenye Sita Nukta Tatu

Kipimo kilinitoka mkononi nikiwa nakifuta vumbi. Kilizama kwenye pipa la maji ya mbolea, kikakaa chini kwa muda wote niliotumia kuvua koti na kukunja mkono wa shati, na nilipokitoa kilikuwa bado kinaonyesha namba. Nikafurahi. Nikakipangusa, nikakichovya kwenye maji ya kunywa: sita nukta tatu. Nikakichovya kwenye chai yangu: sita nukta tatu. Nikakamua limau kwenye kikombe, nikakichovya tena. Sita nukta tatu. Hapo nikajua nimekiua.

Ningesema siku ileile, nisingekuwa na la kuandika leo. Sikusema. Nilikirudisha kwenye kiboksi chake, nikafunga kabati, nikaenda kufagia.

Chumba chenyewe kilikuwa Kasulu mjini, ghala la zamani la maharage ambalo chuo kikuu kimoja kililipanga kwa ajili ya wanafunzi wa kilimo wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Madirisha yalizibwa. Ndani kulikuwa na rafu za mbao za ngazi tatu, na juu ya rafu mabomba ya plastiki yaliyotobolewa matundu. Kila tundu lilikuwa na kikombe, kila kikombe sponji, na kwenye kila sponji mche wa chainizi au saladi. Udongo haukuwamo hata wa kuchafua kucha. Maji yenye mbolea yalisukumwa na pampu ndogo kutoka kwenye pipa, yakapita chini ya mizizi, yakarudi pipani. Juu ya mimea zilining'inia taa za rangi ya zambarau, ukikaa chini yake muda mrefu na mikono yako mwenyewe inaonekana ya mtu mwingine.

Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa na sheria moja tu: ndani ya chumba kile hakuna mhadhara. Siku ya kwanza aliwapa msumeno na bomba. Kijana mmoja akafungua daftari, akauliza matundu yaachane kwa umbali gani.

"Funga hilo daftari," mwalimu akamwambia. "Shika mche. Unadhani utanenepa kiasi gani? Haya, kata."

"Nikikosea, mwalimu?"

"Utakata bomba jingine. Mabomba hayaandiki barua nyumbani."

Alikuja mara moja kila wiki mbili. Siku zilizobaki walikuwa na mimi. Kwenye karatasi nilikuwa mtunza chumba. Nimesoma hadi kidato cha nne, na miaka mingi ya maisha yangu nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari: naosha chupa, napanga kemikali, nasimama pembeni mwalimu anapowaonyesha watoto maajabu ambayo mimi ndiye niliyeyaandaa. Hapa vijana wa chuo kikuu waliniuliza mambo. Walinipa jina la Dokta. "Dokta babu, mboga zimeamkaje?" Nilikuwa nawaambia waache mzaha, lakini nilitembea nyumbani nikiwa mrefu kidogo.

Ndiyo maana sikusema kuhusu kipimo. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kifaa hufa na mtu huomba radhi, mambo yakaisha. Lakini Dokta hadondoshi kipimo pipani.

Kipimo kile kilikuwa cha kupima uchachu wa maji, ambao wenyewe wanauita pH. Namba ikishuka, maji yamechacha, na mizizi haiwezi kula hata kama mbolea imejaa tele mbele yake. Chainizi hupenda namba iwe sita hivi. Maji yetu ya milimani ni mepesi, hayana chokaa, na mbolea tuliyoletewa ilikuwa ya aina inayoyachachua kadiri mimea inavyokula. Hayo niliyajua. Nilikuwa na kijitabu cha karatasi za kupimia zinazobadilika rangi, nilichotoka nacho maabara ya shule wakati wa kustaafu bila kumwomba mtu. Siku ya tatu baada ya kipimo kufa, nilichana kikaratasi kimoja, nikakichovya pipani. Kiliiva rangi ya chungwa lililokomaa. Namba yake ilikuwa chini ya tano.

Ilikuwepo chupa ya dawa ya kurekebishia, lakini ilikuwa imekwisha, na kuomba nyingine kungeleta swali: mbona kipimo kinasema maji ni mazuri? Nikakumbuka majivu. Mama yangu, kule Kitanga, alikuwa akichoma maganda makavu ya ndizi, anaweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa kitako, anamwagia maji, na yanayochuruzika ndiyo aliyolainishia maharage magumu. Yanateleza kidoleni kama sabuni. Nilichuja yangu kwenye kopo, nikayapitisha kwenye kitambaa, nikamimina vijiko vinne pipani, nikapima kwa karatasi, nikaongeza viwili. Rangi ikarudi mahali pake. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla wanafunzi hawajafika, nilitia maji ya majivu. Wao walipokuja, walikichovya kipimo na kuandika daftarini: sita nukta tatu. Na mimi nilisaini chini ya ukurasa.

Mboga zilistawi kuliko za kundi lolote lililotangulia. Mwenye duka la mabomba na taa, Mwislamu ambaye nusu ya ukoo wake bado uko pwani, alipita mara kwa mara kututania.

"Mzee, mvua ya Kasulu inanyesha mpaka inajisahau, nyie mmezifungia mboga ndani kama mwari. Mnamngoja bwana harusi gani?"

"Bwana harusi anaitwa Agosti," nikamjibu. "Akifika na vumbi lake, wewe ndiye utakayekuja kubisha hodi."

Alinunua mafungu mawili kabla hata Agosti haijafika.

Katika kundi lile kulikuwa na msichana wa Kibondo. Babu na bibi yake walivuka kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, na familia ikapata uraia baadaye. Walilima kwenye mashamba ya kukodi na mama yake aliuza mboga sokoni. Hakuwa mwanafunzi hodari wa darasani. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka somo, na kwa kanuni za chuo chao, mradi wake wa mwisho ukianguka ingembidi arudie mwaka mzima. Mama yake alikwishamwambia kwamba hana mwaka mwingine wa kumpa. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alikata bomba bila kupima na matundu yakakaa sawasawa. Alikuwa wa kwanza kusikia pampu ikibadilisha mlio.

Siku moja alikuwa ameinama juu ya daftari, akaniita.

"Babu, haya maji yana nidhamu. Kila siku sita nukta tatu. Hata sita nukta mbili hayajui?"

Nilikuwa nafunga kamba ya taa. Mwalimu hakuwepo, wenzake walikuwa nje wakiosha trei. Sikuwahi kufunguliwa mlango wa kukiri uliokuwa wazi kuliko ule.

"Ni maji ya milimani," nikasema. "Yametulia."

Aliniangalia kidogo. Kisha, kama walivyomlea, akapiga makofi mawili madogo ya heshima, akaandika namba yake. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mzee akishasema, kijana hupokea. Nilikulia ndani ya desturi hiyo na ninaipenda, lakini siku ile nilijificha nyuma yake.

Mafunzo yalipoisha, kila mwanafunzi alipaswa kwenda kuanzisha mradi wake mahali anapotaka, kwa kutumia kumbukumbu za daftari letu, na mwalimu angefika na mtahini mwingine kuukagua. Msichana alichagua kwao Kibondo. Mama yake alimwachia stoo aliyowekea viazi na madumu ya mawese, kwa kunung'unika sana. Aliondoka Kasulu na nakala ya daftari, mbolea ya kutosha, na mabomba yaliyofungwa kwa kamba ya katani; kipimo kilikuwa kimoja tu, kikabaki Kasulu. Aliniaga, akasema, "Dokta, nikikwama nakupigia."

Alipiga wiki ya tatu. Majani machanga yalikuwa yanageuka manjano. Alinitumia picha, na sikuhitaji kuikuza.

"Badilisha maji yote," nikamwambia. "Anza upya, vipimo vilevile."

Najua wapo watakaosema nilimsaidia, maana maji mapya yalimpa siku tatu nzuri. Akapiga akicheka, akanishukuru, akanipitishia simu kwa mama yake anisalimie. Siku ya tano manjano yakarudi. Nikamwambia asogeze taa karibu. Akasogeza. Nikamwambia apunguze mbolea. Akapunguza. Alifanya kila nilichomwambia siku ileile, na kila nilichomwambia kilikuwa cha kunifichia mimi. Kumwambia juu ya majivu kungemlazimu aulize kwa nini hayamo daftarini, na jibu lake lilikuwa na saini yangu.

Kisha akapiga simu asubuhi moja, sauti imeshuka.

"Babu, mizizi imekuwa ya kahawia. Ukiishika inachunika kama ngozi. Mama anasema tangu utotoni nina mkono mbaya wa kupanda. Labda ni kweli. Labda niwaache wenye mikono yao."

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mboga zangu nzuri. Nimekosa mengi maishani na mengi nimeyavumilia vizuri tu. Hili sikuweza kulivumilia hadi jioni. Msichana mwenye mikono bora kuliko wote niliowaona alikuwa anaiona mibaya, na mimi nilikuwa nimemfundisha hivyo.

"Using'oe kitu," nikamwambia. "Nakuja."

"Kuja Kibondo? Babu, kwa chainizi?"

"Nakuja."

Siku hizi lami imerahisisha njia. Nilipanda basi la asubuhi na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshuka. Mfukoni nilikuwa na kijitabu cha karatasi, na kwenye begi chupa ya maji ya majivu niliyoifunga kwa mifuko miwili. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, si mbali na soko. Mama alinipokea kwa furaha ambayo sikuistahili, akanikalisha, akaniletea uji wa mtama.

"Mzee, umefanya vizuri kuja. Mwambie ukweli huyu. Mimi namwambia hasikii. Mtu akiwa hana mkono, hana. Dada yake akitupa mbegu ya boga jalalani, keshokutwa tunakula majani. Huyu hata kitunguu kinamkimbia."

"Mama!" msichana akasema.

"Nasema uongo? Mzee aseme."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri, yaliyoanza na habari za umri na udhaifu wa binadamu. Hayakuja hata moja.

"Mkono wake hauna shida," nikasema. "Mbaya ni wangu. Kipimo cha Kasulu kilikufa tangu mwezi wa pili. Nilikidondosha majini nikakificha. Ile sita nukta tatu ilikuwa namba ya kifaa kilichokufa. Mboga zilipona kwa sababu kila asubuhi nilikuwa natia maji ya majivu kabla hamjafika. Daftarini hayamo."

Mama akaangalia bintiye, kisha mimi. Kuku alipita mlangoni, hakuna aliyemfukuza.

"Tangu mwezi wa pili," msichana akasema.

"Ndiyo."

"Kurasa zote zile."

"Zote."

"Nilikuuliza." Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Nilikuuliza, babu, nikakwambia haya maji yana nidhamu. Ukaniambia yametulia. Na wiki hizi zote umenichezesha kama mpira. Sogeza taa, punguza mbolea. Nikawa nalala na simu kifuani nikingoja Dokta aseme."

"Oya," mama akasema kwa Kirundi, akitikisa kichwa. Hapana, hapana. "Mzee mzima. Mwenye mvi. Mimi nimemtukana mtoto wangu mwezi mzima kwa ajili ya majivu?"

Nilitoa kijitabu na chupa, nikasimama kuelekea stoo. Msichana akaniwahi mlangoni. Alivichukua vyote viwili mikononi mwangu bila makofi, bila neno la heshima.

"Usiguse," akasema. "Simama hapo. Niambie tu."

Nikasimama kizingitini. Alichana kikaratasi, akakichovya kwenye pipa lake, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa rangi ya chungwa iliyokaribia wekundu. Akakilinganisha na rangi za kwenye jalada, polepole, mara mbili.

"Nne," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nifike, uso wake ulilegea. "Nne! Mama, njoo uone. Maji yamechacha. Si mimi. Ni maji."

"Yamechacha kama togwa?" mama akauliza, akiingiza kichwa.

"Kuliko togwa."

"Sasa kwa nini hayanuki?"

Alimweleza, na katika kumweleza nikaona anajieleza mwenyewe. Kisha akaniuliza vijiko vingapi. Nikamwambia vinne, halafu upime. Alimimina kimoja, akapima. Kimoja kingine, akapima. Mkono wangu uliruka wenyewe alipochelewa kukoroga, nikaurudisha mgongoni nikaukamata na mwenzake. Alitumia karatasi nyingi kuliko ambavyo ningetumia mimi, na mwishowe akapata njia yake: alikoroga, akahesabu hadi mia, ndipo akapima, kwa sababu aligundua kwamba ukipima haraka rangi inakudanganya. Hilo mimi sikulijua. Miezi yote ile nilikuwa napima haraka.

Alipomaliza alinipa simu yake.

"Mpigie mwalimu. Weka sauti kubwa."

"Nitampigia nikifika Kasulu."

"Babu."

Nikapiga. Nilisema yote mbele yao, kwa maneno yaleyale mafupi.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, "umeniaibisha. Lakini na mimi nilizisaini kurasa hizo. Namba moja kila siku, na nimesoma mpaka huku nilikosoma, sikushtuka." Akamwita msichana kwa sauti yake ya taratibu. "Tarehe ya mtahini siwezi kuisogeza. Una wiki tano. Una miche?"

"Ninayo kwenye trei, mwalimu. Na ya zamani theluthi hivi inaweza kupona."

"Basi amua mwenyewe mradi wako sasa unahusu nini. Na mzee asiguse kitu."

"Nimeshamwambia," msichana akasema.

Mama aliposikia hilo alicheka, kicheko cha mtu ambaye bado amekasirika. Niliondoka na basi la mchana. Hakunisindikiza, alikuwa anang'oa mimea iliyokufa na kuandika.

Kasulu niliwakuta wanafunzi wa kundi jipya. Niliwasimulia habari yote asubuhi ya kwanza, nikakitoa kipimo kwenye kiboksi, nikakichovya kwenye limau mbele yao. Mmoja akasema, "Dokta, hii noma," na wengine wakaangalia chini kwa kunionea aibu. Mwalimu aliniacha nibaki kazini, ila si mimi tena ninayesaini. Akaleta kipimo kipya na chupa ya dawa, lakini akataka kila mwanafunzi ajue kuyapima maji kwa karatasi pia, na kuyarekebisha kwa kilichopo jikoni kwao. Kwa hiyo tulichoma maganda ya ndizi nyuma ya ghala. Walijaza moshi mtaa mzima. Mwenye duka alikuja mbio na ndoo ya maji, akakuta vijana wa chuo kikuu wamezunguka chungu kilichotobolewa.

"Mzee, umewatoa kwenye sayansi umewarudisha kwa bibi zao?"

"Waulize wenyewe," nikasema.

Mmoja akaanza kumweleza, akakosea, mwenzake akamkatiza, wakabishana mpaka ndoo ikatua chini. Kundi lile liliua rafu nzima ya saladi ndani ya wiki mbili kwa kuzidisha majivu. Niliona wakizidisha. Nilikaa kwenye ndoo yangu, nikauma shavu, nikawauliza tu, "Karatasi inasemaje?" Hawakuwa wameichovya. Ilikuwa wiki ngumu kwangu kuliko kwao. Rafu ya pili hawakuiua.

Siku ya ukaguzi, mwalimu alinichukua kwenye gari lao. Mtahini, bwana mkavu mwenye miwani ya kusomea, hakuzungumza na mimi njia nzima. Stoo ya Kibondo ilikuwa imebadilika. Mabomba mawili yalikuwa na chainizi ya kijani kibichi, majani mapana kama kiganja. Pembeni, kwenye ndoo yake ya peke yake, msichana alikuwa ameacha miche sita katika maji yasiyorekebishwa, imedumaa, njano, na mizizi yake imeanikwa juu ya sahani nyeupe ili ionekane.

Mtahini aliuliza maswali mengi ambayo msichana aliyajibu kwa kusitasita, mawili hakuyajibu kabisa. Kisha bwana yule akanyoosha kidole kwenye ndoo.

"Hizi umeziua makusudi?"

"Za kwanza niliziua bila kujua. Hizi nimeziua makusudi ili nijue."

"Na za kwanza nani alikukosesha?"

Nikasogea mbele. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini yeye alinitangulia.

"Mimi niliandika namba ileile siku hamsini na nane na sikuwahi kuchovya kipimo kwenye kitu kingine kuona kama kitabadilika," akasema. "Babu alificha. Mimi niliandika."

"Niliyeficha ni mimi," nikasema kutoka mlangoni. "Aliuliza, nikamjibu uongo. Hilo liandikwe."

Mtahini akanitazama kwa mara ya kwanza juu ya miwani. Alichukua kikaratasi, akakichovya mwenyewe kwenye pipa, akataka kukisoma.

"Subiri kidogo," msichana akamwambia. "Koroga, hesabu mia kwanza. Ukisoma haraka kitakudanganya."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, bwana yule alikuwa anakoroga, midomo inahesabu.

Alifaulu. Si kwa alama za kutangaza. Walimpa sura mbili za kuandika upya na wakamwambia maelezo yake ya mbolea ni dhaifu. Lakini mwaka harudii. Alipoambiwa, alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya stoo yenye maji.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na nilibaki kwa sababu mama aliniambia nibaki, kwa sauti ambayo sikuthubutu kuikataa. Msichana alivuna bomba moja zima. Mama alipanga mafungu juu ya kitenge, mizizi myeupe ikining'inia bila chembe ya udongo, na wanawake wakaanza kusimama.

"Hizi zimeoshwa na nani?"

"Haziogi, dada yangu. Hazijawahi kuchafuka. Zimekulia ndani, hazimjui mbuzi."

"Ndani! Sasa zinakula nini?"

"Hazili. Zinakunywa tu, kama marehemu mume wangu."

Wakacheka mpaka mwingine akashika nguzo ya kibanda. Mama akapata nguvu, akaendelea kuwaeleza juu ya taa na maji na uchachu, akakosea mahali pawili, pakubwa. Nilifungua mdomo. Msichana akaniangalia, nikaufunga. Alimwachia mama yake amalize, kisha akamsahihisha kwa Kirundi, taratibu, na mama akasema, "Ego, ego. Ndiyo, ndivyo nilivyotaka kusema," na kuuza fungu jingine.

Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, hakununua. Alikuwa ameinua chainizi kwa ncha za vidole, anaigeuza, anaangalia mizizi. Akauliza kama mtu asiye na shamba, mwenye chumba tu, anaweza.

"Njoo kesho asubuhi," msichana akamwambia. "Ila sitakuonyesha kwa mbali. Utakata bomba mwenyewe."

"Nikikata vibaya je?"

Msichana alikuwa anarudisha chenji, hakuinua hata kichwa. "Utakuja na keshokutwa, ukate jingine."